Mume Yuko Kongo, Mimi Niko Sikonge

Ukiolewa na mwanajeshi huku kwetu, watu wanakupangia bajeti kabla hujapanga mwenyewe. Wakisikia tu mumeo anakwenda kulinda amani, basi, eti wewe sasa ni mke wa madola! Wifi anataka bati, shemeji anataka pikipiki, jirani anauliza msingi unachimbwa lini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Sikonge, kilometa 70 hivi kusini mwa Tabora mjini, kwenye nchi ya tumbaku na asali. Mume wangu aliondoka mwaka 2017 na kikosi cha Tanzania kwenda mashariki mwa Kongo. Askari wetu walikuwa kwenye brigedi maalumu ya Umoja wa Mataifa, ile iliyoundwa Machi 2013 kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, ikiwa na Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Hawa hawakutumwa kukaa kwenye kofia za bluu na kutazama tu. Waliruhusiwa kuvifuata vikundi vyenye silaha na kuvipiga. Dada yangu, kama mumeo anakwenda huko, sentensi hiyo isome mara mbili.

Sasa hizo dola. Umoja wa Mataifa haumlipi askari mkononi, unairejeshea serikali yake gharama. Kiwango cha Julai 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa kila askari kwa mwezi, na serikali ndiyo humlipa askari kwa taratibu zake. Kwa hiyo yule wa kijiweni anayezidisha dola mara miezi 12 anapiga hesabu ya Hazina, siyo ya nyumba yako.

Usiku wa kuamkia safari tulikaa na daftari. Mkopo wa kiwanja, ada, dawa za mama mkwe. Halafu akasema, "Mama watoto, jina la mrithi nimeandika lako."

"Baba, mambo hayo hayasemwi usiku."

"Nisipoyasema usiku huu, nitayasema lini?"

Asubuhi akamwita mama yake na kaka yake, akarudia yote mbele yangu. Wanandoa wengi wanaona aibu kuzungumza hivyo, utafikiri wanajitabiria kifo. Mimi nasema aibu hiyo ni ghali.

Lipo na lile ambalo mashoga zangu waliniuliza kwa kunong'ona: wanawake wa huko je? Sikujifanya sijasikia. Aprili 2016 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuchunguza tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanajeshi wa Tanzania waliokuwa Mavivi, karibu na Beni, na baadhi ya waliotajwa kuzalishwa walikuwa na umri chini ya miaka 18. Mume wangu nilimsomea habari ile yote, polepole, tukiwa wawili. Hakucheka wala hakukasirika. Tukakubaliana kwamba akirudi tutapima VVU pamoja kabla ya kitu kingine chochote, na tulipima. Mnaoona hilo linaua mapenzi, sijui mnapenda mapenzi gani.

Kusubiri kwenyewe siyo kitu kigeni kwa wanawake wa huku. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe hadi Bagamoyo, wakakaa miezi na miezi njiani, na mashamba yakalimwa na wake zao. Kongo nayo haikuwa mbali: Septemba 1916 Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji ambalo askari wake wengi walikuwa Wakongo. Walikuja wao kwanza, yaani, kisha sisi tukaenda. Ila mke wa mpagazi hakuwa na simu ya kutazama kila dakika tano.

Jioni ya Desemba 7, 2017 kambi ya Watanzania ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa kadhaa. Waliotuhumiwa ni waasi wa ADF. Siku iliyofuata tukasikia redioni: Watanzania 14 wameuawa, wengine zaidi ya 40 wamejeruhiwa. Katibu Mkuu António Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja huo.

Idadi ilitangulia, majina yakafuata baadaye. Katikati ya hayo mawili nilipika ugali nikausahau jikoni, nikafua nguo safi. Mama mkwe alikuja akakaa mlangoni bila kusema neno. Jumapili simu ikaita, mtandao unakatakata, nikasikia, "Nipo." Nikalia kwa sababu ya furaha, halafu nikaona haya, maana kuna nyumba 14 ambako simu ile haikuita.

Aliporudi alikuwa mpole mno. Pikipiki ikipiga mlio anainuka kitandani. Nimejifunza kutomgusa kwa ghafla usiku. Kwanza namwita jina.

Siku hizi ameanza kuitaja Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako nako Tanzania imepeleka kikosi. Anasema nyumba haijapauliwa. Mimi namwambia turubai linatosha masika haya. Hatujaafikiana.