Ujira Uliokaliwa: Kalamu, Kalenda na Jasho la Mfanyakazi

Katika sheria za kazi za Tanzania Bara, mshahara ni deni linaloiva siku ile iliyokubaliwa kuwa siku ya malipo, na kuanzia siku hiyo mwajiri ambaye hajalipa ni mdaiwa kama mdaiwa mwingine yeyote, hata kama biashara imezorota au mteja wake mkubwa naye hajamlipa. Kanuni hii ni nyepesi kuisoma, lakini ndiyo inayosahaulika kwanza pale wafanyakazi wa hoteli, kiwanda, shule binafsi au eneo la ujenzi wanapoambiwa kwamba hali ya ofisi bado haijakaa sawa na kwamba wavute subira hadi wiki ijayo. Ni waajiri wachache wanaotamka waziwazi kwamba hawatalipa. Ujira wa watu wengi hupotea taratibu, kwa njia mbili zinazosaidiana, ambazo ni kukosekana kwa kumbukumbu za kazi iliyofanyika na kupita kwa muda ambao sheria imeuweka wa kudai.

Ujanja wa kumbukumbu una historia ndefu katika Afrika Mashariki. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika ya kikoloni, manamba, yaani vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka majimbo ya mbali, walilipwa kwa kipande, ambacho kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi iliyotakiwa kujazwa katika muda uliopangwa, kwa kawaida siku zipatazo 42. Siku ambayo msimamizi aliona kwamba kazi iliyopimwa haikukamilika haikutiwa alama, na siku isiyo na alama haikuwa na ujira, hata kama kibarua alikuwa amekata mkonge tangu alfajiri. Nchini Kenya jina hilohilo lilikuwa la cheti cha usajili ambacho mwanaume Mwafrika alikibeba shingoni ndani ya kijaluba cha bati, na ambacho mwajiri alipaswa kukitia sahihi mtu alipoacha kazi, kwa hiyo aliyenyimwa sahihi hiyo alipata taabu kubwa kuajiriwa kwingine. Mifumo hiyo miwili ilitofautiana kwa mengi, lakini yote iliweka kumbukumbu ya kazi mikononi mwa yule anayepaswa kulipa, na hali hiyo haijatoweka: kwenye maeneo mengi ya ujenzi jina la saidia fundi huandikwa katika daftari la msimamizi pekee, na daftari hilo likipotea, siku zake za kazi hupotea nalo.

Dunia ilijaribu kuzuia hila za namna hii mwaka 1949, pale Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha Mkataba Namba 95 kuhusu ulinzi wa ujira. Mkataba huo ulikataza ujira wa fedha kulipwa kwa hati za ahadi, vocha au kuponi, ukazuia wafanyakazi kulazimishwa kununua bidhaa katika duka la mwajiri, na ukakataza malipo kufanyika kilabuni, isipokuwa kwa wanaofanya kazi humo. Katazo hili la mwisho laweza kumchekesha msomaji wa leo, lakini waliolitunga walijua vizuri kwamba fedha inayotolewa mbele ya kaunta ya pombe hurudi upande wa pili wa kaunta kabla ya usiku kuingia.

Nchini Tanzania misingi hiyo imo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo inataka ujira ulipwe kwa fedha, kazini na katika saa za kazi, au kupitia benki kwa makubaliano, ukiambatana na maelezo ya maandishi yanayoonyesha kiasi kilicholipwa na kila kilichokatwa. Mwajiri haruhusiwi kumtaka mfanyakazi akiri kwa sahihi kwamba amepokea fedha nyingi kuliko alizopewa, wala kumtaka arudishe sehemu ya ujira wake, isipokuwa pale alipolipwa zaidi kwa makosa. Makatazo haya mawili yanawagusa waajiri wanaopitisha mshahara kamili benki ili hesabu zionekane safi mbele ya wakaguzi, kisha humwita mfanyakazi pembeni arejeshe kiasi fulani kwa fedha taslimu.

Eneo lenye dhuluma ya kila siku ni makato. Mhudumu wa baa hukatwa glasi iliyovunjika, keshia hukatwa shoti, yaani upungufu wa fedha unaoonekana mauzo yanapofungwa, na walinzi wa zamu nzima hukatwa thamani ya mali iliyoibwa usiku. Sheria inaruhusu makato yanayotakiwa na sheria yenyewe, amri ya mahakama, makubaliano ya pamoja au tuzo ya uamuzi, pamoja na deni ambalo mfanyakazi ameridhia kwa maandishi likatwe. Kuhusu hasara, masharti ni magumu zaidi: lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri awe ameeleza kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokipata, mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kujieleza, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasivuke robo ya ujira wake wa fedha. Kwa kuwa kosa linatakiwa liwe la mtu mwenyewe, ile kauli maarufu ya vikao vya asubuhi, kwamba mwizi asipojulikana mtalipa wote, haina mahali pa kusimama katika sheria hii.

Saa za ziada, ambazo wengi huziita ovataimu, hubeba fedha nyingi zisizolipwa, kwa sababu wafanyakazi wengi hawajui hesabu yake. Kanuni ya jumla ni kwamba saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki na tisa kwa siku, kila saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na saa za ziada hazipaswi kuzidi 50 katika kipindi cha wiki nne. Ili kupata mshahara wa wiki, sheria inagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, na mshahara wa wiki ukigawanywa kwa saa za kawaida hupatikana ujira wa saa moja. Mlinzi anayelipwa shilingi 195,000 kwa mwezi hupata takriban shilingi 45,000 kwa wiki, sawa na shilingi 1,000 kwa saa. Ikiwa anaingia lindoni saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi kwa siku sita, basi hata akiondolewa saa moja ya mapumziko kila siku anabaki na saa 66 kwa wiki, ambazo ni saa 21 zaidi ya kiwango, au saa 84 katika wiki nne. Kwa shilingi 1,500 kila saa, anadai shilingi 126,000 juu ya mshahara wake, kabla ya kuongeza asilimia tano ya kila saa aliyofanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili alfajiri. Hesabu hii inaonyesha pia kwamba mwajiri amevuka ukomo wa saa 50, na kuvuka ukomo huo ni kosa lake mwenyewe, ambalo halimfutii deni. Upo utaratibu wa kuandikiana kwamba mtu atafanya kazi hadi saa 12 kwa siku bila malipo ya ziada, lakini utaratibu huo hauruhusu zaidi ya siku tano wala zaidi ya saa 45 za kawaida katika wiki, kwa hiyo zamu ya saa 12 kwa siku sita haiwezi kujificha ndani yake.

Hila nyingine hufuata kalenda ya sheria yenyewe. Kwa kuwa mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hana kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki, wapo waajiri wanaowaondoa watu katika mwezi wa tano wa ajira na kuwarudisha baada ya wiki chache kama wageni, huku wengine wakiwaita watu deiwaka, yaani vibarua wa kutwa, kwa miaka mfululizo. Jina analopewa mtu halimalizi suala. Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo iwapo lipo hata jambo moja kati ya mambo kadhaa yaliyotajwa, kwa mfano kwamba anapangiwa namna au saa za kazi, anapewa vifaa na anayemtumikisha, anamtegemea kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kenya imekwenda mbali zaidi kwa vibarua, kwani Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mkataba wa mwezi.

Michango ya hifadhi ya jamii inayokatwa bila kufikishwa kwenye mfuko nayo ni wizi wa ujira, ingawa huonekana baada ya miaka, mstaafu anapokwenda kudai na kukuta akaunti ina mapengo. Mfanyakazi wa nyumbani kwa upande wake hukutana na sura ya upole zaidi ya dhuluma hiyo: dada wa kazi huambiwa na mama mwenye nyumba kwamba fedha zake anatunziwa hadi atakapokwenda kwao wakati wa sikukuu, na siku ya safari inapofika huanza kuhesabiwa sahani zilizovunjika, nauli aliyokuja nayo na nguo alizonunuliwa. Kwa waliokwenda Omani na Falme za Kiarabu, hali huwa ngumu zaidi kwa sababu ya mfumo wa kafala, ambao huifunga ruhusa ya kuishi nchini na mwajiri mmoja. Falme za Kiarabu zilianzisha mwaka 2009 mfumo wa kulipa mishahara kupitia benki ili serikali ione nani hajalipwa, lakini kwa miaka mingi wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje yake, wakati wao ndio walio mbali zaidi na macho ya mkaguzi.

Imani inayowadhuru wafanyakazi kuliko hila zote hizi ni kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana haki ya kudai. Sheria inasema karibu kinyume chake. Wajibu wa kuandika maelezo ya kazi, yakiwemo ujira, saa na mahali pa kazi, ni wa mwajiri, naye anatakiwa kuyatunza kwa miaka mitano baada ya ajira kukoma. Akishindwa kuyatoa katika shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye. Sheria ya Kenya ina kanuni inayofanana na hiyo. Hata hivyo, mfanyakazi aliyeandika mwenyewe siku na saa zake katika daftari dogo, akahifadhi ujumbe wa miamala ya simu na picha ya ratiba ya zamu, hufika mbele ya msuluhishi akiwa na nguvu zaidi kuliko anayetegemea kanuni hiyo peke yake.

Kalenda, kwa bahati mbaya, haimwonei huruma mvumilivu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa kifupi kama CMA, ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwemo ya mishahara, ndani ya siku 60 tangu ilipozuka, ilhali Kenya hutoa miaka mitatu kwa madai yanayotokana na mkataba wa ajira. Siku 60 ni chache mno kwa nchi ambayo heshima humtaka mtu amsubiri bosi, na mwajiri mjanja anajua kwamba ahadi tatu au nne za “njoo wiki ijayo” zinatosha kuzimaliza. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi, lakini ahadi za mdomo peke yake ni sababu dhaifu. Afisa kazi wa eneo naye anaweza kukagua na kutoa amri ya utekelezaji, ingawa kumlalamikia hakusimamishi siku zinazohesabiwa kwenda Tume.

Shauri huanza kwa Fomu Namba 1, ambayo nakala yake hupelekwa kwanza kwa mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea huambatishwa wakati wa kufungua. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, unaotakiwa kumalizika ndani ya siku 30 isipokuwa wahusika wakikubaliana kuuongeza. Mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kuliondoa shauri, na mwajiri asipofika, msuluhishi anaweza kuliamua. Usuluhishi ukishindikana hufuata uamuzi, ambapo ushahidi husikilizwa na tuzo hutolewa, na asiyeridhika ana wiki sita za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie tuzo hiyo.

Tuzo nyingi hukwama baada ya hapo, kwenye ukazaji wake, na chanzo mara nyingi ni nafasi moja ndogo katika fomu ile ya kwanza, ambapo mlalamikaji huandika jina la bango la duka, la baa au la bosi anavyoitwa mtaani, wakati mwajiri kisheria ni kampuni yenye jina tofauti kabisa. Dalali wa mahakama hawezi kukamata mali ya jina ambalo halipo. Jina halisi hupatikana katika usajili wa BRELA, yaani wakala wa serikali unaosajili kampuni na biashara, katika risiti ya mashine anayopewa mteja, katika leseni iliyotundikwa ukutani, au katika muamala wa benki uliowahi kuleta mshahara, na ni rahisi zaidi kulinakili wakati mtu bado yuko kazini.