Ukili na Maneno Yake: Mtoto wa Pwani katika Mafunzo ya Ususi

Kamusi za Kiswahili hueleza kwamba ukili ni ukanda mrefu mwembamba uliosukwa kwa ukindu au miyaa, ambao hushonwa ukingo kwa ukingo hadi ukawa mkeka. Maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, mtoto wa Pemba au wa Lamu aliyefunzwa kazi hii hakulipata neno hilo kwa maelezo. Alilipata vidoleni, akiwa ameketi ubavuni mwa bibi yake, na pamoja nalo akapata jamii nzima ya maneno yasiyotengana na kazi yenyewe.

Pakacha ni kazi nyepesi zaidi. Husukwa kwa kuti bichi la mnazi bila kuyaondoa majani kwenye uti wake. Hivyo nafasi kati ya jani na jani imekwishapangwa na mti. Mtoto akikosea, kuti jingine lipo. Ukili hauna huruma hiyo. Majani machanga ya mkindu hukatwa, huanikwa juani, kisha huchanwa, ndipo zipatikanapo chane. Nomino hiyo imezaliwa na kitenzi kuchana, na mtoto huuelewa unyambuaji huo kabla hajasikia habari za sarufi. Chane zikipishana upana, ukili hupinda, na mkeka hautatulia sakafuni. Hapo hufumuliwa.

Jambo gumu zaidi ni kuunga. Chane ni fupi, ukili ni mrefu. Kwa hiyo chane mpya hupachikwa kabla ile ya awali haijaisha, na ncha yake hufichwa chini ya nyingine. Wahakiki wa fasihi huita mpangilio wa matukio msuko, na wanafunzi wengi hulipokea neno hilo kama istilahi tupu. Aliyewahi kuunga chane halihitaji kufafanuliwa: tukio jipya huingizwa lile la kwanza lingali hai.

Shule hazikuipuuza kazi ya mikono. Tanzania ilitangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na nchini Kenya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliingiza sanaa na ufundi katika shule za msingi. Tatizo lilikuwa alama. Kilichopimwa ni kikapu kilichokamilika, na kikapu kilichokamilika hupatikana sokoni (mzazi mwenye haraka alilijua hilo). Chane zilizotupwa na ukili uliofumuliwa mara tatu havikuwa na alama, ilhali humo ndimo lugha ya kazi hii inamotamkwa.

Siku hizi mkeka wa plastiki umeenea majumbani, nao huitwa mkeka vilevile. Jina limebaki, lakini mkeka huo hauna ukili wala chane, na hakuna sababu ya kuyataja maneno hayo mbele ya mtoto. Mtafiti anayeukusanya msamiati huu kwa hojaji aghalabu hurudi na nomino. Vitenzi humtoka msukaji pale mwanafunzi anapokosea.