Keki ya harusi Pwani: Hesabu za kufanya kabla ya kutoa arubuni

MSIMU wa harusi unapowadia katika Kaunti ya Kilifi, hususan mwezi wa Agosti na Desemba shule zinapofungwa, waokaji wa Malindi, Watamu na Kilifi mjini huwa hawapati usingizi. Wapo wanaochukua kazi tatu au nne za Jumamosi moja. Huo ndio wakati ambapo makosa hutendeka, na aghalabu anayeyagundua ni bi harusi mwenyewe, akiwa ameshashika kisu mbele ya halaiki ya watu.

Keki ya harusi ni bidhaa ya ajabu kidogo. Hulipiwa kabla haijaonekana, huliwa kwa saa moja, na ikiharibika haiwezi kurudishwa dukani kubadilishwa, kwani harusi hairudiwi Jumamosi ifuatayo. Kwa hivyo, tahadhari yote sharti ichukuliwe mwanzoni, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka mfukoni.

Kwa mkazi wa Pwani, keki yenye ghorofa ni mgeni aliyepokewa juzi juzi tu. Nikahi ya Waislamu hutimia kwa halua na kahawa, nayo ndoa ya kimila ya Wamijikenda haiwezi kuzungumziwa bila mnazi. Hii haina maana kwamba wazee wetu hawakujua kuoka. Mkate wa mayai wenye harufu ya iliki, unaookwa kwa makaa ya chini na ya juu, ni keki kwa kila hali ila jina.

Keki nyeupe ya ghorofa ilivuma Uingereza baada ya harusi ya Malkia Victoria na Albert mwaka wa 1840, ambayo keki yake ilikuwa na uzani wa takriban ratili 300, yaani kilo 136 hivi. Desturi hiyo ilizaliwa katika nchi ya baridi. Huku kwetu imelazimika kuishi katika joto, na hapo ndipo penye shina la matatizo mengi.

Joto na unyevu

Siagi huanza kulegea mapema, na hufikapo nyuzi 32 hadi 35 huyeyuka kabisa. Mwezi wa Februari na Machi, pepo za kaskazi zikielekea kukoma, joto la mchana mjini Malindi hupita nyuzi 30, na ndani ya hema lililojaa watu huwa zaidi ya hapo. Keki iliyopakwa krimu ya siagi tupu, ikiwekwa mahali kama hapo tangu saa sita mchana, itakuwa imeinama kabla ya maharusi kurejea kutoka kupigwa picha.

Krimu ya maziwa ni dhaifu zaidi, tena ina hatari ya siha. Chakula chenye maziwa hakifai kukaa nje ya jokofu kwa zaidi ya saa mbili, na katika joto kali muda huo hupungua. Wageni wakiumwa tumbo, lawama huenda kwa pilau ilhali mkosaji alikuwa keki.

Basi mwenye harusi ya mchana achague nini? Fondanti, ule utandu laini wa sukari unaofunika keki kama kitambaa, hustahimili joto vyema kuliko krimu. Adui yake ni unyevu. Ikitolewa kwenye jokofu na kuwekwa ghafla katika hewa nzito ya Mei, mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, hutokwa na jasho na rangi zake huchuruzika. Mwokaji mzoefu atakuambia pia kwamba ganashi ya chokoleti chini ya fondanti hushika umbo kuliko siagi.

Kwa maoni yetu, keki ya matunda iliyosahauliwa na maharusi wengi wa siku hizi ndiyo inayolifaa jua la Pwani. Ni nzito na haivunjiki njiani. Tena huweza kuokwa wiki kadhaa mapema, hivyo mwokaji hashikiki mkono siku ya mwisho stima zikipotea. Vijana hudai ni keki ya wazee. Waitie iliki, korosho za Kilifi na maganda ya ndimu, kisha waionje tena.

Waislamu wana swali moja la ziada ambalo halifai kuonewa haya. Fondanti nyingine hutiwa jelatini, ambayo huenda imetokana na nguruwe, nayo matunda ya keki hiyo aghalabu hulowekwa katika pombe. Mwokaji aombwe aonyeshe pakiti za viungo vyake, na matunda yalowekwe katika maji ya machungwa au chai. Atakayekasirika kwa kuulizwa, heri aachwe na keki yake.

Kilo ngapi?

Nchini Kenya keki huuzwa kwa kilo, na hapa wengi hupotea. Wapo waokaji wanaohesabu uzani wa keki tupu, na wapo wanaopima ikiwa imeshafunikwa. Fondanti ni nzito. Kilo 10 za mmoja zaweza kuwa na keki ndogo sana kuliko kilo 10 za mwenzake, hata bei zao zikilingana. Uliza: kilo hizo ni kabla au baada ya mapambo?

Njia ya hakika zaidi ni kuhesabu vipande. Ikikatwa vipande vya harusi, vyenye upana wa inchi moja kwa mbili, keki ya mviringo ya inchi 6 hutoa takriban vipande 12, ya inchi 8 vipande 24, ya inchi 10 vipande 38 na ya inchi 12 vipande 56. Ghorofa nne hizo zote pamoja ni watu 130. Kwa wageni 200 bado kuna upungufu wa vipande 70, na sote tunajua kwamba katika harusi ya Pwani walioalikwa 200 hufika 300.

Kuongeza ghorofa ya tano ni kutafuta gharama na maafa. Lililo la busara ni kuagiza keki ya kutazamwa iliyo ndogo, kisha keki bapa za sinia, za ladha ile ile, zikatwe jikoni na kugawiwa. Wengine hutumia ghorofa bandia za foamu zilizopambwa na kubakisha ya kweli moja tu ya kukatwa. Hakuna aibu katika hilo, mradi mkataji aonyeshwe mapema ni ipi.

Zisisahauliwe keki ndogo za kukabidhiwa wazazi wa pande zote mbili. Mjomba au shangazi aliyemlea bi harusi akikosa yake, kinyongo hicho huishi miaka mingi kuliko picha za harusi. Ziandikwe katika agizo tangu mwanzo.

Tarehe na karatasi

Miezi mitatu kabla ni muda wa kutosha kuonja na kuchagua. Kwa Agosti na Desemba, miezi minne au mitano ni salama zaidi. Hata hivyo, arubuni isitolewe kabla ya tarehe kuthibitishwa na anayefungisha ndoa. Wanaofunga ndoa ya kiserikali wakumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 hudai ilani ya siku zisizopungua 21.

Makubaliano ya mdomo hayatoshi. Karatasi moja yatosha kuandika tarehe, saa na mahali pa kufikisha keki, idadi ya ghorofa na vipimo vyake, ladha, rangi, nani atasafirisha, arubuni na salio, na itakuwaje mojawapo ya pande ikiahirisha. Picha iliyochaguliwa iambatishwe. Malipo yakipitia M-Pesa, ujumbe wake usifutwe, kwani ni ushahidi. Mizozo ikifika mbali, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2016, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mlalamishi aweza kujiwakilisha.

Anayeokea nyumbani si lazima awe duni kwa mwenye duka. Mara nyingi ni bora. Lakini aulizwe iwapo ana cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula, na iwapo ana jenereta au jokofu la jirani. Umeme kukatika Ijumaa usiku si jambo la kushangaza mtu huku.

Barabarani na ukumbini

Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na matuta ya barabarani hayahesabiki. Keki ya ghorofa isisafirishwe ikiwa imeshapangwa. Kila ghorofa ipozwe, itiwe kwenye sanduku lake na kuwekwa sakafuni mwa gari, mahali palipo tambarare, si kitini wala mapajani mwa shangazi. Vijiti vya kuhimili na mapambo ya mwisho hutiwa ukumbini, kwa hivyo mwokaji afike saa mbili kabla.

Katika harusi za Waswahili, keki mara nyingi hukatwa usiku wa kupamba, katika ukumbi wa wanawake pekee. Mwokaji akiwa mwanamume, ni lazima aimalize kazi na kuondoka kabla ya wageni kuingia, na bi harusi huenda asitoke hadi saa nne za usiku au baadaye. Keki hiyo itakaa muda mrefu mno. Iagizwe ya kustahimili, na pawe na mwanamke mmoja aliyefundishwa namna ya kuitenganisha.

Harusi za ufuoni, zinazopendwa Watamu na Malindi na wenyeji pamoja na watalii, zina mitihani yake. Upepo wa bahari hubeba mchanga, na mchanga ukishanata kwenye krimu hautoki. Wakati wa bamvua maji hupanda sana ufuoni, basi ratiba ya maji kupwa na kujaa isomwe kabla ya meza kupangwa. Hata katika bustani, miguu ya meza itiwe ndani ya vikopo vya maji ili sisimizi wasipande. Hila hii ya bibi zetu haijapata mshindani.

Wapo wanaotaka kuihifadhi ghorofa ya juu hadi mwaka utimie. Keki ya matunda, ikifungwa vyema na kugandishwa, huweza kufika huko. Ya vanila huwa kavu, na ikiwa jokofu limewahi kuzimika siku mbili mfululizo, mle keki hiyo mapema na majirani.