Flashi Si Sanduku la Urithi

Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akisomesha darsa barazani kwetu baada ya Isha. Darsa zake za mwisho tulizirekodi kwa simu, tukazitia zote kwenye flashi moja, na mama akaifunga kwenye leso akaiweka kabatini. Ikakaa miaka tisa. Ramadhani iliyopita tuliichomeka ili wajukuu wamsikie babu yao, kompyuta ikatutaka tuifomati. Fundi alihangaika nayo, akaambulia darsa mbili tu.

Wengi wetu twadhani flashi isiyotumika haiharibiki. Sivyo. Ndani yake mna vijumba vidogo mno vinavyoshika chaji ya umeme, na chaji hiyo ndiyo sauti au picha uliyoiweka. Chaji huvuja polepole, na joto huizidisha kuvuja. Flashi mpya iliyo nzuri huhesabiwa kushika data kwa takriban miaka 10. Ya bei rahisi, au iliyochoka, huenda isifike. Kinachoichosha ni kuandika na kufuta mara kwa mara. Kusikiliza tu hakuna madhara makubwa.

Hadi diski ya nje nayo ina sahani zinazozunguka kwa kasi. Kwa kawaida huhesabiwa miaka 3 hadi 5 ya matumizi, na ikianguka sakafuni yaweza kufa siku hiyo hiyo. Sisi wa Pwani tuna jambo la ziada: unyevu na chumvi ya bahari hushika kutu sehemu za chuma za kuchomekea.

Basi tufanyeje? Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye hadi diski, na ya tatu nje ya nyumba yako, kwa ndugu au mtandaoni. Kila mwaka Shaabani ikiingia, zifungue uzisikilize. Kila baada ya miaka mitano hivi, zihamishe kwenye kifaa kipya. Na kompyuta ikikutaka uifomati flashi yenye vitu vyako, usikubali. Itoe, umpelekee fundi kabla hujaandika chochote juu yake.

Zile darsa mbili zilizopona, sasa kila ndugu yangu ana nakala yake. Zilizobaki hatutazisikia tena. Wewe ambaye flashi yako iko kabatini, ichomeke leo.