Kuzala nyumbani: mpango wa kwanza ni mpango wa kutoka



Tukiongea juu ya mama mwenye kuzala nyumbani, mabishano yanaisha haraka. Watu wa muji wanasema: huo ni ujinga. Watu wa kijiji wanajibu: lakini sisi wote tulizaliwa vile. Na yule mama wa milima ya Kalehe ao wa Lubero, mwenye mimba ya miezi nane, anabakia na tumbo lake bila mpango wowote. Leo tuache mabishano, tuongee mpango.

Niseme wazi tangu mwanzo: kama njia ipo, kuzalia ku materniti ni bora. Mimi si muganga. Lakini sisi wa kilimo tunafika fasi ambako ambulansi haifiki, na tunajua kwa nini wamama wanabakia nyumbani. Kituo kiko mbali, saa nne ao tano za miguu. Usiku pikipiki hazitembei juu ya usalama. Mvua imebeba daraja. Ao makuta hayapo, na watu wanaogopa kuzuiliwa na mutoto mchanga mpaka deni ilipwe. Serikali ilianzisha mpango wa kuzala bure, Kinshasa kwanza, mwezi wa 9 mwaka 2023, kisha ukaendelea ku provense zingine. Ni jambo nzuri, lakini hata pale kuzala ni bure, pikipiki si bure. Na mara ingine mutoto anakuja mbio tu, hangojei mtu.

Angalieni hesabu hii. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanyika katika inchi yetu mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba karibu wamama 8 juu ya 10 walizalia kwenye kituo cha afya. Hata hivyo uchunguzi ule ule ulihesabu vifo 846 vya wamama kwa kila watoto 100 000 wanaozaliwa wazima. Maana yake, kuta za materniti peke yake haziokoi mtu. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza mama anakufia wapi: ndani ya ucheleweshaji wa namna tatu. Kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutunzwa baada ya kufika. Mbili za kwanza ziko mikononi mwa familia na kijiji.

Mfano mwingine, wa mbali. Kule Uingereza mama anaweza kuchagua kuzalia nyumbani. Mzalishaji mwenye diploma anakuja na vyombo, na ambulansi iko karibu. Utafiti uliotoka huko mwaka 2011 ulionyesha kwamba kati ya wamama 100 wa mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani, 45 hivi walihamishwa kupelekwa hospitali. Kwa wale waliokwisha kuzala, ni 12 hivi. Kwa hiyo hata kwa watu wenye barabara nzuri, kupanga kuzala nyumbani ni kupanga namna ya kutoka nyumbani. Mpango hauanzi ku jileti na sabuni. Unaanza ku swali hili: mambo yakiharibika saa nane ya usiku, nani atasema "twende", kwa makuta gani, na kwa njia gani?

1. Nani hapaswi kujaribu kabisa

Kuna wamama ambao wanapaswa kufika hospitali mbele uchungu uanze: mwenye mimba ya kwanza, zaidi sana kama angali kijana mdogo, mwenye alishapasuliwa, mwenye mapacha, mwenye mutoto amekaa vibaya ndani ya tumbo, mwenye tansio ya juu, mwenye damu kidogo, mwenye alishatoka damu nyingi alipozala, na mwenye alishazala mara tano ao zaidi. Hayo hayaonekani kwa macho. Ndiyo sababu ya kwenda kupima mimba kila mara muganga anapoomba, kuchanjwa tetanosi, na kuchunga karte vizuri. Mama wa namna hii, mwezi wa tisa ukifika, aende kungojea kwa ndugu mwenye anakaa karibu na hospitali. Kama hakuna ndugu, kanisa ao musikiti unaweza kutafuta familia ya kumpokea.

2. Nani atasema "twende"

Katika familia nyingi, bwana ndiye anaamua, ao mama mkwe. Lakini bwana anaweza kuwa ku karière ya zahabu, simu yake haipatikani, na mama mkwe anaogopa kuamua peke yake. Masaa yanapita. Basi, mbele ya mwezi wa nane, bwana, bibi na mama mkwe wakae pamoja na wataje watu wawili wenye ruhusa ya kuamua bila kuuliza mtu. Wawaite, waseme mbele yao: mkiona hatari, mumubebe, hata mimi sipo. Hilo neno halilipiwi hata franka moja, na linaweza kuokoa maisha mbele ya dawa yoyote.

3. Makuta: tufuate kalenda ya shamba

Hapa sisi ma-agronome tuko kwetu. Mama mwenye aliona siku zake za mwisho mwanzo wa mwezi wa 12, atazala karibu na mwanzo wa mwezi wa 9. Ndipo sezoni A inafunguka kwetu Kivu: makuta yote yameingia katika mbegu ya maharagwe na mahindi, chakula cha stoki kinapungua, na mvua inarudi kuharibu njia. Makuta ya kuzala yatafutwe ku mavuno ya sezoni B, mwezi wa 6 na wa 7, wakati kuna kitu cha kuuza. Toa fungu lake mbele ya kuhesabu mengine. Kuku wawili ao mbuzi mmoja wahesabiwe kabisa kuwa ni wa kuzala, wasiguswe kwa deni lingine.

Wenye wako ndani ya AVEC wanajua sanduku la mshikamano. Mara nyingi linatumika kwa kilio. Kwa nini lisitumike pia mbele ya kilio? Kikundi kinaweza kukata mapema: mama mwenye mimba anapata kiasi fulani mwezi wa nane, anarudisha polepole.

4. Njia

Namba za watu wawili wenye pikipiki, si mmoja. Ongea nao mchana, bei ijulikane. Ambako pikipiki haipiti, kipoyi kiwe tayari, na wanaume wanane wajue kwamba wataitwa, ili wapokezane ku milima. Simu iwe na moto na unite. Namba ya muganga wa kituo iandikwe pia ku karatasi, maana simu inaweza kuzimika. Tena, watu wawili wazima wawe tayari kusindikiza mama na kutoa damu, juu hospitali nyingi hazina damu ya akiba.

5. Fasi ya kuzalia

Kama mama anazalia nyumbani, kwa kupenda ao kwa kulazimika, usafi ni wa mambo sita: mikono, mwili wa mama, fasi ya kulalia, kifaa cha kukata kitovu, uzi wa kufunga kitovu, na kitovu chenyewe baada ya kukatwa. Basi ndani ya mfuko tayarisha sabuni, maji yaliyochemshwa, plastiki safi ya kutandika, jileti mpya ambayo haijafunguliwa, uzi wa kuchemsha, glavu, tochi, na vikwembe vitatu ao vine vilivyofuliwa na kukauka ku jua.

Ku kitovu, sikieni vizuri. Kijidudu cha tetanosi kinaishi ndani ya udongo na ndani ya mavi ya ngombe. Mbolea ile inayolisha migomba yetu inaweza kuua mutoto mchanga. Usipake udongo, usipake mavi, usipake majivu wala mate. Kitovu kibakie kikavu na safi. Kama kituo kinatoa klorheksidini ya kitovu, ipakwe vile muganga ameonyesha.

Mama mzalishaji wa kijiji ana kazi yake: kumtia mama moyo, kumpa maji, kuangalia saa, na kusema "twende" mapema. Lakini asisukume tumbo kwa nguvu, na asimunyweshe miti ya kuharakisha uchungu. Ile miti inaweza kukaza kizazi mpaka kipasuke.

Mutoto akitoka, apanguswe na awekwe ku kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wafunikwe wote wawili. Kitovu kingojee dakika moja mpaka tatu mbele ya kukatwa. Anyonye ndani ya saa ya kwanza. Kuoga kungojee kesho yake, maana mutoto mchanga anapoteza joto mbio.

6. Alama za kutoka mara moja

Wakati wa mimba na uchungu: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, kutetemeka kama mwenye kifafa, homa, maji yenye kunuka, mkono ao kitovu kutangulia, uchungu kupita masaa 12 bila mutoto.

Baada ya kuzala: kondo la nyuma kukawia kupita nusu saa, ao damu kulowanisha kikwembe kimoja kisha kingine. Damu ya namna hii inaweza kumaliza mama ndani ya masaa mawili. Ku kituo kuna sindano ya oksitosini, na muganga anaweza kutumia pia vidonge vya misoprostoli. Vidonge hivyo visinunuliwe sokoni ili kuleta uchungu nyumbani. Mutoto akiwa angali ndani, ni hatari kubwa.

Kwa mutoto: kukosa kupumua vizuri, kukataa kunyonya, mwili kuwa baridi ao moto sana. Mukiwa njiani, mutoto abakie ku kifua cha mama.

Hata kama yote yamepita vizuri, mama na mutoto wafike ku kituo ndani ya siku ya kwanza, wapimwe, mutoto achanjwe. Na mutoto aandikishwe ku eta sivili mbele siku 90 zipite. Watoto wengi wa nyumbani wanakosa karatasi hiyo, na kesho inawasumbua ku masomo.

Wenzangu, wengi wetu tunaongoza mikutano ya wakulima kila juma. Mbele ya kugawa mbegu, tuwaulize wamama wenye mimba na mabwana wao maswali matatu tu: nani atasema twende? Makuta yako wapi? Nani atabeba? Kama moja halina jibu, mkutano usiishe mbele lipatikane.