Mchaichai ni mzuri jikoni, lakini si dawa ya malaria

Ukipita kwenye nyua za Buyenzi au Bwiza wakati wa chai ya asubuhi, unaweza kusikia harufu ya limau mahali ambapo hakuna limau. Ni mchaichai, ambao wengi mjini Bujumbura huuita kwa Kifaransa, sitroneli.

Kwa chai, osha majani matatu au manne marefu, yafunge fundo, kisha yachemshe katika lita moja ya maji kwa dakika tano hadi kumi. Shika kwa uangalifu, kingo zake hukata vidole. Mama mjamzito amuulize kwanza mhudumu wa afya. Fundo hilohilo unaweza kulitia kwenye wali au maharage, ila litoe kabla ya kupakua, maana nyuzi zake hazilainiki na zinaweza kumkwama mtoto kooni. Sehemu nyeupe ya chini ndiyo yenye ladha zaidi. Itwange pamoja na kitunguu saumu na chumvi, uipake kwenye mukeke kabla ya kukaanga. Siku ndimu zikipanda bei sokoni, utashukuru.

Huhitaji shamba. Omba jirani chipukizi lenye mizizi, ulipande kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa chini na kuiweka juani. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, maji uliyooshea mboga yanatosha kumwagilia.

Tatizo huanza pale chai inapogeuzwa dawa. Wapo wanaompa mtoto mwenye homa mchaichai, kisha wanangoja siku mbili tatu. Chai hiyo haiui vimelea vya malaria. Mtoto anaweza kutoka jasho na homa ikashuka kidogo, huku vimelea vikiongezeka damuni. Wengine hupanda shina mlangoni na kuacha chandarua. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye majani hufukuza mbu kwa muda mfupi, lakini shina lililosimama kwenye ndoo halimzuii mbu kuingia. Tukumbuke kwamba Machi 2017 Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria.

Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya apimwe siku hiyohiyo. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, au asipoamka vizuri, usingoje kuche. Kama wewe ni mkimbizi, beba kitambulisho chako. Usipokiona haraka, nenda hivyohivyo.