Kidonda cha Mgongoni: Tandiko la Punda Wako Limekaa Sawa?

(Muziki wa kufungua, kisha unashuka polepole.)

Hapa Kyambogo, Kampala, tunakorekodia kipindi hiki, mizigo hubebwa na bodaboda na malori yapitayo Barabara ya Jinja. Punda humuoni. Lakini ujumbe wa simu tulioupata kutoka kambi ya Dagahaley unamhusu punda, na baba aliyeutuma analisha watoto wake kwa mkokoteni wa maji na kuni. Anasema punda wake ana kidonda mgongoni kisichopona, na siku hizi humng'ata kila akimsogelea na kamba. Anauliza: "Ukaidi huu nitautoaje?"

Baba, huenda si ukaidi. Tumezoea kusema shukrani ya punda ni mateke, tukaishia hapo. Punda anayelaza masikio nyuma na kung'ata mara tu aonapo tandiko, mara nyingi anakumbuka maumivu ya jana.

Leo jioni, akiwa ametulia, pitisha kiganja chako katikati ya mgongo wake, mbali na kidonda. Utagusa mifupa, na juu yake ngozi tu. Sasa sogeza kiganja kando, kulia au kushoto: hapo kuna misuli minene. Mzigo wote unatakiwa ukae juu ya misuli ya pande hizo mbili, na uti wa mgongo ubaki huru. Uzito ukikandamiza mfupa, ngozi iliyobanwa katikati haipitiwi na damu, na ngozi isiyopata damu hufa. Tena huanza kuharibika ndani kabla hujaona kitu nje, ndiyo maana kidonda huonekana kama kimezuka usiku mmoja. Ukienda kununua punda ukakuta kibaka cha nywele nyeupe mgongoni, hata kama ngozi imepona, jua kwamba hapo palibanwa vibaya zamani.

Wengi wetu hukunja gunia, tukalitandika juu ya uti wa mgongo, tukaamini tumemaliza. Gunia hilo linapunguza mkwaruzo, lakini uzito bado uko juu ya mfupa. Fanya hivi: kata gunia, ushone mito miwili mirefu, uijaze nyasi kavu, ukihakikisha hakuna miba wala mafundo. Mto mmoja ukae kulia kwa uti wa mgongo, mwingine kushoto. Iunganishe kwa vipande vya kitambaa, uache nafasi ya vidole vinne katikati. Tandiko la mbao au kamba ya mzigo vikae juu ya mito hiyo. Na wewe mwenye mkokoteni, ule mkanda unaoshikilia miti miwili ya mkokoteni nao upite juu ya mito, usilale moja kwa moja mgongoni. Kisha panga mitungi usawa wa ekseli. Ukiirundika mbele, miti inamlemea mgongo. Ukiirundika nyuma, inamnyanyua kwa mkanda wa tumbo.

Usipime kabla ya kupakia, pima baada ya kupakia, kwa sababu mito hubonyea. Simama nyuma kidogo, pembeni asikupige teke, uchungulie chini ya tandiko. Ukiona mwanga umepenya kuanzia nyuma hadi mbele, uko sawa. Usipouona, ongeza nyasi. Na ukishamfungua baada ya kazi, angalia jasho: chini ya mto, penye jasho pote isipokuwa sehemu moja kavu, hapo ndipo panapobanwa.

Wenzetu wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huteremsha mahindi kwa punda, na huko shida nyingine hujitokeza: mzigo huteleza kuelekea shingoni. Ili kuuzuia, watu hupitisha kamba nyuma, chini ya mkia. Kamba nyembamba ya nailoni hapo hukata kama kisu. Tumia mkanda mpana, au izungushie kamba kitambaa mpaka iwe nene na laini. Mkanda wa tumbo nao uwe na upana wa vidole vinne, usikazwe kupita kiasi.

Lamu, ambako mitaa ni myembamba na punda ndio gari, mchanga hubebwa kwa shogi, mfuko mkubwa wa kusukwa unaoning'inia pande mbili. Anayejua kazi hujaza pande zote mbili sawasawa, kwa kuwa upande mzito huvuta tandiko lote hadi likalalia mfupa. Jerikani nazo ni hivyo hivyo. Mbili za lita 20 ni kilo 40, na punda mzima mwenye afya anaweza kuzibeba mgongoni. Nne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wa punda wengi wa kwetu.

Sasa kile kidonda. Chemsha maji, weka kijiko cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, yapoe, ukioshe asubuhi na jioni. Usipake oili chafu ya gari wala maji ya betri, hata jirani akiapa kwamba yalimponya wa kwake. Mwite mhudumu wa mifugo ikiwa yupo, kwani punda hushikwa kirahisi na pepopunda kupitia vidonda.

Na mpumzishe. Najua unawaza nini: punda akilala, watoto watakula nini? Jibu jepesi hakuna. Kidonda kidogo kikipumzishwa huziba kwa wiki chache. Kikiendelea kulaliwa na mzigo huchimba hadi mfupani, na hapo utampoteza punda mwenyewe. Kama una jirani mwenye punda, kubalianeni akusaidie sasa, nawe umsaidie zamu yake ikifika. Siku ya kumrudisha wako kazini, mito iwe imeshashonwa, na aanze na mitungi michache.

Wiki ijayo tutazungumzia kwato. Kama punda wako anachechemea, tutumie ujumbe kabla ya Alhamisi.

(Muziki wa kufunga.)